Pikipiki ya Baba na Kilima cha Bibi

Kuna harufu moja ambayo sijaikuta tena mahali popote, na sidhani kama nitaikuta. Ni petroli iliyochanganyika na ngozi ya ng'ombe isiyokauka vizuri, na nyuma yake kuna ukali kidogo wa dawa ya pamba, ule unaokwama kooni. Karibu mwaka mzima nyumba yetu ilinuka hivyo. Sare yangu ya shule ilinuka hivyo, ugali ulinuka hivyo, na mwalimu wetu wa darasa la sita alinihamishia dawati la dirishani akisema anawaonea huruma wenzangu. Mama alilalamika wiki mbili za kwanza, kisha akazoea kama alivyozoea mambo mengine yote ya baba. Harufu hiyo ilitoka kwenye pikipiki ambayo baba aliiunda kwa mikono yake nyuma ya jiko letu, katika kijiji kipya kando ya barabara karibu na Kiabakari. Zilikuwa siku zile ambapo watu wa kwetu waliondolewa milimani na mabondeni, wakapangwa kwenye nyumba za mistari iliyonyooka, kila nyumba na namba yake mlangoni.

Baba yangu, Maregesi, alikuwa fundi wa mitambo kwenye mgodi wa dhahabu kabla haujafungwa. Mgodi ulimwachia vitu viwili, sanduku la spana na goti la kushoto lisilokunjika. Toroli la mawe lilimbana, goti likapona vibaya, na tangu hapo alitembea akiutupa mguu pembeni. Akienda nusu maili ilimbidi akae chini apumzike. Kwenye kijiji kipya jambo hilo halikumsumbua sana, maana shule, duka la ushirika na kisima vilikuwa karibu. Tatizo lilikuwa Bibi Wakuru, mama yake mzazi. Operesheni hiyo ya kuhamishia watu vijijini ilipofika kilimani kwake, upande wa Butiama, bibi alikwenda akakaa kwenye kaburi la mumewe na kuwaambia wale maofisa kwamba atahama siku watakayomhamisha na huyo aliyelala chini. Walibishana naye tangu asubuhi mpaka jua likawa kali, mwishowe wakachoka wakaondoka. Akabaki huko na shangazi yangu mjane na mbuzi wachache, maili kumi na mbili kutoka kwetu. Kushuka kuja kututembelea alikataa katakata. Kaka yangu Masatu, aliyekuwa akipeleka salamu kila mwezi, alirudi na jibu lile lile: "Nikishuka watanihesabu, na wakishanihesabu sitoki tena."

Basi baba na mama yake wakawa hawaonani. Basi la kwenda Musoma lilipita barabara kuu, halikukaribia kilima kile. Baiskeli baba hakuweza kuipiga pedali kwa goti lile. Safari moja Masatu alimpakia nyuma kwenye baiskeli, lakini baba alikuwa mtu wa mwili, na hawakumaliza hata maili moja kabla keria haijakatika na kumwangusha barabarani mbele ya watoto waliokuwa wanatoka shule. Mimi nilikuwa mmoja wao, na nakiri kwamba nilicheka. Aliporudi nyumbani alisema hatabebwa tena kama gunia la pamba. Baba hakuwa mtu wa kuficha moyo wake. Jioni moja tukiwa tunakula alisema waziwazi kwamba anachoogopa ni kitu kimoja tu, mama yake kufa kabla hawajaonana. Mwaka ulikuwa umeshapita. Mama akamwongezea mboga.

Wiki hiyo hiyo baba akaanza kukusanya vyuma. Misheni moja jirani walikuwa na pikipiki iliyokufa, imelala stoo miaka mingi, fremu yake imekatika katikati kama mtu aliyekunjwa. Padri alimpa baada ya baba kumtengenezea mashine ya kusaga. Fremu ikapakiwa juu ya pamba kwenye trela la trekta mpaka Bunda, ambako rafiki wa baba wa tangu mgodini, sasa fundi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, aliichomelea na kuiongezea kipande cha bomba la maji, hivyo pikipiki ikarudi ikiwa ndefu kuliko ilivyozaliwa. Baba alitaka iwe hivyo, kwa sababu mguu wake ulihitaji nafasi ya kunyooka, na akaupigia bamba lake maalumu la kuuegemeza. Cheni na plagi vilitoka Musoma mjini. Tangi la mafuta lilikuwa bomba kuukuu la kupulizia dawa ya pamba, lile la kubebwa mgongoni, ambalo mama aliliosha kwa majivu mara saba bila mafanikio. Kiti kilikuwa ubao uliojazwa pamba na kufunikwa ngozi ya ng'ombe wetu mzee wa madoa meusi na meupe, manyoya yakiwa yamebaki. Mwisho akaipaka rangi ya buluu iliyobaki kwenye milango ya shule. Honi ilikuwa kengele ya baiskeli. Majirani walipoona ngozi ile wakaiita Ndama, na jina likashika.

Siku ilipounguruma kwa mara ya kwanza, kuku wa mtaa mzima waliruka, na mzee mmoja alikuja kuuliza kama mgodi umefunguliwa. Lakini baba mwenyewe asingeweza kuiendesha, maana gia zilibadilishwa kwa mguu wa kushoto, na mguu huo ulikuwa umekwishastaafu. Tangu mwanzo mpango ulikuwa kwamba Masatu ataendesha na baba atapanda nyuma. Hakuna aliyeuliza swali, wala mimi. Masatu alikuwa na miaka kumi na minane, ana mabega, na katika kijiji chote hapakuwa na mtu aliyeshika plau vizuri kumzidi. Baba alimweleza klachi, gia na breki, akamwonyesha kwamba mpini wa kulia ndio wa mafuta, ukiuzungusha kuuvutia kwako inakimbia, ukiuzungusha mbele inapoa. Masatu akaitikia, "Hiyo ni kitu ndogo baba," akapiga kiki.

Alikwenda vizuri hatua thelathini hivi. Kisha mbuzi akakatiza barabara. Masatu akajirudisha nyuma kwa uzito wake wote, akavutia mikono yote miwili kifuani, akapiga kelele, "Hoo, hoo!" Ndama badala ya kusimama akaruka mbele kama aliyechomwa, akapita katikati ya mihogo ya balozi wetu wa nyumba kumi iliyoanikwa juu ya mikeka, akaingia kwenye ua wa minyaa na kunyamaza humo. Masatu alitoka na utomvu kichwani na vipande vya muhogo shingoni. Kijiji kilicheka mpaka watu wakashikana mabega. Baba hakucheka. Alidhani waya wa mafuta umekwama, akafungua kila kitu, akasafisha, akafunga. Kesho yake Masatu akapanda tena, na safari hii bila mbuzi wala chochote, alipoona tu mwisho wa barabara unakaribia, akavuta kifuani. Minyaa ile ile. Siku ya tatu rafiki yake mmoja, naye mtu wa plau, akaomba kujaribu kwa madai kwamba Masatu ana woga. Yeye alifika mbali zaidi kwa sababu minyaa ilikuwa imeshabomoka.

Baba alifungua kabureta mara nne wiki hiyo. Alikonda. Alianza kusema kwamba labda kipande kile cha bomba kimeharibu mizani, kwamba labda chuma cha misheni hakitaki kazi ya dunia, na nilimwona amekaa kwenye kiti cha Ndama peke yake, mguu juu ya bamba lake, anaangalia upande wa kilima. Iliniuma. Mpaka leo sijaona mtu mzima anayetamani kwenda mahali kiasi kile.

Aliyegundua ugonjwa alikuwa mama. Tulikuwa shambani, tunalima kwa ng'ombe, kazi ikiwa imegawanywa kama ilivyogawanywa siku zote kwetu. Masatu alikuwa nyuma ameshika mikono ya plau, mimi mbele nimeshika kamba, nawaongoza ng'ombe mstari usipinde. Tulipofika mwisho wa tuta Masatu akafanya alichofanya tangu utoto wake, akajirudisha nyuma na kuvuta mikono ya plau kifuani, "Hoo." Nami mbele nikafanya changu, nikageuka na kuwasukumia ng'ombe viganja usoni wasinikanyage. Mama alikuwa anapanda mbegu nyuma yetu. Akasimama, akamwangalia Masatu, akaniangalia mimi, akaweka kibuyu cha mbegu chini na kwenda moja kwa moja kwa baba aliyekuwa amekaa kwenye kichuguu.

"Baba Masatu," akamwambia, "ng'ombe hawa wanatembezwaga na watu wawili. Wa nyuma umeshamjaribu, akiogopa anavuta. Sasa mbona hujamjaribu wa mbele? Huyu akiogopa anasukumaga."

Baba alitutazama mimi na Masatu kwa zamu. Kisha akaniita, akaniambia ninyooshe mikono kana kwamba nimeshika usukani, na ghafla akanirushia kofia yake usoni. Nikasukuma viganja mbele. Akarudia mara ya pili, nikasukuma. Alianza kucheka polepole, tumbo likaanza kutikisika, akasema, "Nyangeta, kesho huendi kuchota maji." Nilikuwa na miaka kumi na mitatu.

Watu walisema, bila shaka. Msichana juu ya pikipiki, tena amevaa gauni, ilikuwa habari ya kutosha wiki nzima kisimani. Balozi wa nyumba kumi alikuja kumuuliza baba kama ameishiwa watoto wa kiume, mama akamjibu yeye badala ya baba kwamba wa kiume tunaye, ila mihogo yako ndiyo iliyoisha. Mama alinishonea kaptula ya kuvaa chini ya gauni kwa kitambaa cha mfuko wa unga. Sikuwa na nguvu za kupiga kiki, hivyo ilibidi Masatu anisukume mpaka injini iwake. Masatu alininunia siku tatu, na sikumlaumu. Siku ya nne alikuja mwenyewe, akashika nyuma ya kiti, akasema, "Haya dereva, mimi taniboi wako." Ndivyo alivyokuwa kaka yangu.

Jinsi nilivyojisikia safari ile ya kwanza sitaweza kuieleza sawasawa. Masatu alikimbia nyuma yangu, nikasikia pumzi zake, kisha nikaachia klachi kama nilivyofundishwa na pumzi zake zikapotea. Ndama alitetemeka mpaka meno yangu yakagongana. Nyumba za mistari, ambazo nilikuwa nazichukia kwa kufanana kwake, zikaanza kupita moja baada ya nyingine, namba zake zikipanda, kumi na nne, kumi na tano, kumi na sita, na mbele ya kila mlango kulikuwa na mtu amefungua kinywa. Mwisho wa mtaa ndama wa kweli, wa jirani yetu, akaingia njiani. Mikono yangu ikasukuma mbele yenyewe, bila mimi kuiambia, mafuta yakakatika, pikipiki ikapoa, na nikakanyaga breki taratibu mpaka nikasimama hatua mbili kutoka kwenye pua yake. Tulitazamana. Nyuma nikasikia sauti ya baba, mtu wa mwili na goti bovu, anakuja mbio kwa namna yake, anaita jina langu kana kwamba mimi ndiye niliyefufuka.

Tulifanya mazoezi mwezi mzima. Kwanza peke yangu, kisha na gunia la mbegu za pamba nyuma, kisha na Masatu, mwishowe na baba, mguu wake umenyooka kwenye bamba, akinishika begani na kunielekeza kwa kunigusa, kulia au kushoto. Asubuhi ya safari alivaa koti lake la mgodini na kofia. Alibeba sukari, sabuni ya kipande na sato wakavu wawili aliowaagiza kutoka Murangi, kwa sababu bibi alikuwa na hamu ya samaki wa ziwa. Mama alituombea pale pale barabarani, sala ndefu iliyotaja kila tairi. Masatu alitusukuma, na tukaenda.

Maili kumi za mwanzo ni raha ambayo sijaipata tena. Tulipita mashamba ya pamba iliyoanza kupasuka, tukapita wachungaji walioacha ng'ombe na kutukimbilia, tukavuka mto mkavu kwa gia ya kwanza huku baba akisema mgongoni kwangu, "Usiikate mwanangu, usiikate." Aliimba. Sikuwahi kujua kwamba baba anaimba. Lakini kilima cha bibi kilipoanza, Ndama alianza kukohoa. Njia ilikuwa mawe matupu, na injini ile ilikuwa ya mtu mmoja mwembamba. Katikati ya mwinuko ikazima. Hapakuwa na Masatu wa kutusukuma. Nilirukia kiki mpaka unyayo ukavimba. Baba akashuka, akajaribu kwa mguu wake wa kulia, na kila alipopiga, ule wa kushoto ulishindwa kumsimamisha akayumba. Nilimtazama usoni na kuona anapima, juu umbali gani, chini umbali gani. Nilimwambia tushuke tu, kwenye mteremko itawaka yenyewe, turudi nyumbani, tutakuja siku nyingine na Masatu.

"Siku nyingine ipi?" akaniuliza, kwa upole, kama vile kweli alitaka nimtajie.

Akafungua vifungo vya koti. Akaegemea kiti cha ngozi kwa mikono miwili, nami nikashika usukani, tukaanza kuisukuma. Tulikwenda hatua kumi, tukapumzika. Hatua kumi, tukapumzika. Jasho lilimtoka mpaka kola ikabadilika rangi, na goti lile lilikuwa likitoa mlio niliousikia wazi. Nusu maili ndiyo iliyokuwa mwisho wa uwezo wake, kila mtu nyumbani alijua hivyo, na kilima kile kilikuwa zaidi ya maili. Nilianza kulia kimyakimya nikitazama mbele ili asinione. Yeye alizidi kusukuma. Jua lilikuwa limefika utosini tulipotokea kwenye ua wa mawe, na bibi alikuwa amekaa mlangoni anapepeta mtama. Aliinua kichwa. Akaitazama ile pikipiki ya buluu. Akamtazama mwanawe, koti begani, anahema, ametoka huko chini kwa miguu yake.

"Maregesi," akasema, "kumbe unatembeaga."

Baba alifungua kinywa amweleze juu ya Ndama, misheni, Bunda, kabureta na mwaka mzima wa kazi, lakini akaishia kucheka, akacheka mpaka akakaa chini mavumbini, na bibi akaweka ungo pembeni akaja kukaa naye hapo hapo chini. Alilishika lile goti kwa mikono yote miwili na hakuliachia. Baadaye alikwenda kukagua pikipiki. Alipapasa kiti, akafuata madoa kwa kidole, akatuambia ni ngozi ya ng'ombe yupi, aliyezaliwa na yupi, ambaye babu alimpata kwa nani. Hakukosea. Tulikula sato wote wawili siku ile ile, na kwenye mteremko Ndama aliwaka bila kuombwa.

Tulirudi kila mwezi kwa miaka mitatu, mpaka bibi alipofariki, na safari ile ya mwisho baba alikuwepo, amemshika mkono. Hofu yake haikutimia. Kila safari tuliiacha pikipiki chini ya kilima akapanda kwa miguu, hata baada ya kubadilisha injini. Nilipomuuliza kwa nini, alisema mama yake amekwishamwona akitembea, sasa atamdanganya nini.

Siku hizi naishi Musoma mjini, nina wajukuu, na barabara ni lami. Wasichana wanaendesha pikipiki na hakuna anayefungua kinywa, jambo linalonifurahisha kila ninapoliona. Kwa simu naweza kuuona uso wa mwanangu aliye Mwanza nikiwa nimekaa kitandani. Sitasema zamani ilikuwa bora, maana nakumbuka mengi. Lakini tunaonana kirahisi kiasi kwamba mara nyingi tunaahirisha, na wala hatuumii. Mwaka jana nilikwenda kusafisha makaburi kilimani, la bibi na babu, na sasa la baba. Kijana wa bodaboda alinihakikishia kwamba pikipiki yake inapanda mpaka juu kwa dakika tano, abiria hata hashuki. Nilimwamini, ni mashine nzuri. Nikamwomba asimame chini. Aliniuliza kama naogopa, nikamwambia hapana mwanangu, nataka nifike kwao nikiwa nimechoka.